Maswali Yenu Kuhusu Mzee Victor Newman

Wiki hii karibu meseji zote zimekuja kwa ajili ya mtu mmoja, Eric Braeden, yule mzee wa masharubu anayecheza kama Victor Newman kwenye The Young and the Restless, basi nafasi yote nimeamua tumpe yeye, maana mimi mwenyewe namkubali sana na maisha yake ya kweli yana mambo mengi kuliko hata hiyo tamthilia. Barua ndefu nimezifupisha kidogo, mtanisamehe.

Anti shikamoo. Niko Columbus, Ohio, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Bibi ninayemtunza sasa hivi, ikifika saa ya Young and the Restless hataki hata nimuulize kama anakunywa chai. Anasema Victor ni Mjerumani wa kuzaliwa kabisa, mi nambishia, mbona anaongea Kiingereza kama wao tu? Nani yuko sahihi?

Marahaba mwanangu, pole na kazi. Bibi yuko sahihi. Huyo baba jina alilopewa na wazazi wake ni Hans-Jörg Gudegast, kazaliwa Aprili 3, 1941, kakulia kijiji kinaitwa Bredenbek, kaskazini ya Ujerumani karibu na mji wa Kiel. Sasa fikiria 1941 ni katikati ya vita, na Kiel ilikuwa bandari ya meli za kivita kwa hiyo mabomu yalikuwa yanashushwa pale kila mara, ndo mazingira aliyozaliwa. Baba yake alikuwa meya wa kijiji, na akafariki mtoto akiwa na miaka 12 tu. Hilo la kufiwa na baba mapema lishike vizuri maana nitalirudia huko chini.

Ujana wake alikuwa mwanamichezo, tena sio wa kubahatisha. 1958 alikuwemo kwenye timu iliyochukua ubingwa wa vijana wa Ujerumani nzima kwenye kurusha kisahani, mkuki na tufe. Mwaka uliofuata, 1959, ana miaka 18, kapanda meli mpaka New York halafu basi mpaka Galveston, Texas, alikokuwa na ndugu. Baadaye akaelekea Montana, kule kafanya kazi ya kuchunga ng'ombe, kafanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na akapata nafasi ya kusoma chuo pale Missoula kwa sababu ya kurusha hivyo hivyo. Yaani mchana darasani, usiku mbao. Wewe uliyeko huko unaelewa maisha hayo bila kuelezewa.

Kilichompeleka Los Angeles kilikuwa filamu, ila sio ya kuigiza. Yeye na mwanafunzi mwenzake walichukua mashua wakapanda na kushuka mto Salmon kule Idaho, mto una maporomoko ya hatari, wakarekodi safari nzima, wakaenda mjini kutafuta wa kuinunua. Akabaki huko huko.

Sasa kijana ana lafudhi ya Kijerumani, Marekani ya miaka ya 60, unadhani walimpa nafasi gani? Askari wa Hitler. Kila saa askari wa Hitler. Kubwa kuliko zote ilikuwa The Rat Patrol, 1966 mpaka 1968, alicheza kama Kapteni Dietrich kwenye vita vya jangwani Afrika Kaskazini, bado akiandikwa kwa jina lake la Gudegast. Ninachompendea hapo ni kwamba aligoma kumfanya yule kapteni aonekane katuni, alitaka aonekane ni mtu, adui ndiyo, lakini binadamu mwenye akili zake.

Jina lilikuja kubadilika wakati wa filamu ya Colossus: The Forbin Project iliyotoka 1970. Yeye ndo alikuwa staringi, na bosi wa kampuni ya filamu ya Universal, Lew Wasserman, akamwambia wazi kwamba mtu mwenye jina la Kijerumani hawezi kuongoza filamu ya Kimarekani. Aliumia sana na mwanzoni alikataa. Mwisho akakubali ila hilo la Braeden kalitoa kwenye jina la kijiji chake, Bredenbek. Mwambie bibi na hilo, ataona umefanya utafiti.

Na kuna kitu kingine watu wengi hawakijui. Huyu Mjerumani alikuja kucheza mpira kwenye Maccabees ya Los Angeles, timu ya Wayahudi, na 1973 timu hiyo ikachukua kombe la taifa la Marekani naye akiwemo kikosini. Ukubwa wa mauaji waliyofanyiwa Wayahudi alikuja kuujua akiwa tayari Marekani, na ulimtesa, na kwa miaka mingi amekuwa akifanya kazi ya kuwakutanisha Wajerumani na Wayahudi wazungumze. Serikali ya Ujerumani ilimpa nishani.

Anti, nimeambiwa Victor alikuwa afe mapema kabisa kwenye tamthilia, kweli? Ilikuwaje akakaa miaka yote hii?

Kweli kabisa, na hili swali ndo nimelisubiri.

Februari 1980 The Young and the Restless ilitoka nusu saa ikawa saa nzima, wakahitaji watu wapya, Braeden akaingia mwezi huo huo kwa mkataba wa muda mfupi tu. Victor aliandikwa mtu mbaya wa kupita. Tajiri ana mke anaitwa Julia, anamnyanyasa, halafu akamteka mwanaume aliyekuwa anamtilia shaka kwa mkewe akamfungia chini ya nyumba. Mpango ulikuwa auliwe, habari iishe. Lakini William Bell, aliyeibuni hiyo tamthilia na ndiye alikuwa anaandika, alipomwona kazini akasema huyu haondoki.

Sasa hapa wengi huwa wanaishia, wanasema mwandishi alimpenda basi. Mi naona sehemu kubwa iko mbele ya hapo. Braeden mwenyewe hakutaka kubaki! Alishacheza filamu kubwa, anajiona anafanya nini kwenye mambo ya mchana, na kucheza mtu mkatili kila siku asiye na sababu yoyote ya ukatili wake kulishamchosha. Alitaka Victor apewe historia. Katoka wapi? Nani alimuumiza? Bell akamsikia, akaandika kwamba Victor Newman sio jina lake, yeye alizaliwa Christian Miller, na akiwa mtoto mdogo mama yake alimwacha kwenye kituo cha yatima kwa sababu ya umaskini. Kila alichojenga, kampuni, pesa, ubabe wote ule, kaujenga juu ya yule mtoto aliyeachwa mlangoni. Braeden amesimulia mara nyingi kwamba siku alipocheza hilo tukio ndipo aliamua anabaki.

Baadae mama akaletwa kabisa, Cora, akachezwa na Dorothy McGuire, mwigizaji wa siku nyingi wa Hollywood. Tafuteni hivyo vipande vya Victor na mama yake mtandaoni. Mwanaume anakaa mbele ya mwanamke aliyemwacha, anataka kumchukia na hawezi, na uso wake hauna kazi kubwa, hapigi kelele, halii kwa nguvu, macho tu. Mi naamini mtoto wa miaka 12 aliyefiwa na baba kule Bredenbek ndo alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Hiyo huwezi kufundishwa na dairekta.

Ndo maana watazamaji wanamvumilia Victor hata akifanya unyama. Anasema uongo, anaharibu maisha ya watoto wake mwenyewe, anaoa na kuacha, lakini unajua anaogopa nini. Wanaoandika tamthilia huku kwetu, naombeni mlitazame hilo, maana tunao matajiri wabaya wengi sana kwenye skrini na hatujui hata mmoja alilala na njaa lini.

Ati Victor na Nikki ni mke na mume hadi kwenye maisha ya kweli? Tulibishana saluni.

Hapana. Nikki ni Melody Thomas Scott, na mumewe wa kweli ni Edward Scott ambaye alikuwa prodyuza wa hiyo hiyo tamthilia, walioana 1985. Braeden kamuoa Dale tangu 1966, wana mtoto mmoja wa kiume, Christian Gudegast, ndo dairekta wa Den of Thieves ya 2018. Kwenye tamthilia Victor na Nikki walifunga ndoa ya kwanza 1984, baada ya hapo wameachana na kurudiana hadi watu wamechoka kuhesabu. Nadhani ndo iliyowachanganya hapo saluni, wanaigiza vizuri mno.

Habari anti. Mimi naigiza tamthilia hapa Dar. Watu wananiambia tamthilia ni ya waliokosa nafasi kwenye muvi na mimi naanza kuamini. Huyo Braeden hakuona anapoteza kipaji?

Nzuri mdogo wangu. Usiamini hayo maneno. Braeden aliyaona hayo unayoyaona wewe, alipoingia alikuwa na hofu hiyo hiyo, na wenzake wa sinema walikuwa wanaidharau kazi ya mchana waziwazi. Lakini hebu tazama kazi yenyewe. Filamu kubwa kwa siku wanapiga kurasa chache tu za skripti. Tamthilia ya Kimarekani ya mchana inatoa kipindi cha saa nzima kila Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka mzima, hivyo mwigizaji anaipata skripti, anashika maneno kibao, anaingia seti, wanajaribu kidogo, wanarekodi, kesho mengine. Hakuna kurudia mara ishirini. Ukikosea hisia leo kesho haipo. Mtu aliyefanya hivyo tangu 1980 na bado ukimwangalia unashtuka, huyo kipaji chake hakijapotea, kimefanyishwa kazi kuliko vya wengi.

Na muvi amecheza, hata alipokuwa tayari Victor. Titanic ya 1997, yule tajiri John Jacob Astor, mtu aliyekuwa na pesa kuliko abiria wote melini, ni yeye. Anaonekana kwa muda mfupi, maji yanapovunja kuba la vioo yeye ameshikilia nguzo. Ameshasimulia kwamba siku ya kupiga hicho kipande aliogopa kweli kweli, maana maji yalikuwa ya kweli na mengi. Mwaka uliofuata, 1998, akachukua tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kiume wa tamthilia za mchana, na 2007 akapewa nyota yake kwenye ile njia ya Hollywood. Nyota hiyo imetokana na tamthilia, mdogo wangu, sio kingine.

Kwa hiyo wewe fanya kama yeye alivyofanya kwa Bell, nenda kwa mwandishi wako muulize huyu ninayemcheza katoka wapi, kama hana historia muombe amwandikie, na akikataa jitungie yako kichwani uingie nayo seti. Mi nitakutafuta kwenye skrini.

Ni kweli aliwahi kupigana na Jack Abbott?

Walishikana, ndiyo, 1991 huko nyuma ya seti, yeye na Peter Bergman, ndo anayecheza kama Jack. Wameshalizungumza wote wawili. Bergman aliingia 1989, na mpaka leo Victor na Jack ni maadui wakubwa kwenye hadithi, wamecheza pamoja zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo. Tofauti zao waliziacha mlangoni wakafanya kazi.

Anti, baba yangu ana miaka 70, alikuwa anaangalia sana Young and the Restless enzi anaishi nje. Kuna mtu kamwambia Victor alikufa na kansa, amekosa raha kabisa. Naomba unijibu haraka.

Pole sana mwanangu, na mpe baba salamu zangu. Hizo habari za kifo sio za kweli, ila ugonjwa ulikuwepo. Aprili 2023 Braeden alikaa mbele ya kamera ya simu, kwenye ukurasa wake wa Facebook, akawaambia watu mwenyewe kwamba ana kansa ya kibofu cha mkojo. Alikuwa na miaka 82. Alieleza yote bila kuona aibu, kwamba alikuwa anapona upasuaji wa goti, akaanza kupata shida ya kukojoa, anakwenda haja ndogo kila wakati, akarudi kwa daktari ndipo wakaiona. Akatibiwa, huku anaendelea kwenda seti kucheza, na Agosti mwaka huo huo akarudi kwenye kamera ile ile akatangaza kwamba vipimo havionyeshi kansa tena. Alisema anayazungumza akitumaini yatawasaidia wanaume wazee wengine.

Baba mwonyeshe hiyo video yake ya Agosti, atamwona kwa macho yake. Halafu na wewe muulize taratibu, au kama kuna kaka mkubwa hapo nyumbani yeye ndo amuulize, maana baba kwa binti anaweza asiseme: anaamka mara nyingi usiku kwenda chooni? Mkojo umewahi kuwa na damu? Kama kuna lolote hapo mpelekeni hospitali wiki hii hii, msisubiri mwisho wa mwezi.