Hiyo stempu yenye tundu si ya posta

Ndugu, umeuliza kwa nini stempu iliyo kwenye hati ya babu yako imeandikwa kori badala ya rupia, tena ina tundu katikati. Hiyo ni stempu ya ada ya mahakama ya Kutch, dola ya kifalme ya magharibi mwa India enzi za Waingereza. Kori ilikuwa sarafu ya dola hiyo, kori moja ni dokda 24, na karibu kori nne ndiyo rupia moja ya Waingereza. Kutch haikutoa stempu za posta za kwake, kwa hiyo usizitafute humo kwenye orodha za posta, utahangaika bure.

Tundu si uharibifu. Zamani hizo ukipeleka shauri, ada ulikuwa unailipa kwa stempu zilizobandikwa kwenye maombi, halafu karani anazitoboa ili mjanja asije akazibandua na kuzitumia tena. Sheria ya ada za mahakama ya India ya Waingereza ya mwaka 1870 iliagiza kutoboa picha na kuacha kiasi cha fedha kisomeke. Stempu ya ushuru, ile ya risiti, kwa kawaida huuawa kwa kalamu: mtu anatia sahihi juu yake.

Na tafadhali usiiloweke kuibandua! Ikiwa peke yake ni kikaratasi tu. Kwenye hati yake ina tarehe, mhuri na majina ya wenye kesi, na kwa familia iliyopanda jahazi Mandvi, bandari ya Kutch, ikashukia Zanzibar, hayo majina ndiyo mali.