Kubonyeza kile kitufe sio kutest taa za dharura, zima breka usubiri

Mkuu USISAINI hicho kitabu cha ukaguzi wa taa za dharura. Nimesoma mpaka pale uliposema fundi amepita hosteli nzima ghorofa zote nne anabonyeza kitufe cha test kwa mti wa ufagio, zote zimewaka, kwa hiyo unajaza "OK" maana Zimamoto wanakuja kukagua wiki ijayo. Nimeacha chai hapa. Najua umeuliza pia betri gani ununue, ntafika huko, ila kwanza achana na huo ufagio.

Kile kitufe kinafanya kitu kimoja tu, kinaikatia hiyo taa umeme ili ile betri ya ndani iwashe LED kwa muda ulioweka kidole. Sekunde tano, kumi. LED inakula umeme kidogo sana, na betri imetoka kwenye chaji muda huohuo, sasa hata betri iliyokufa robo tatu itakuwakia vizuri tu sekunde kumi. Inawaka, wewe unafurahi, fundi anahamia inayofuata. Kumbe ulichothibitisha ni kwamba LED haijaungua basi. Na kale kataa kadogo ka kijani pembeni usikaamini, kanakwambia umeme unaingia kwenye chaja, hakakwambii betri ina uwezo gani.

Nasema hivi kwa sababu nimelipa. Nilikuwa nasimamia ukumbi wa sherehe Dar, uko ghorofani, ngazi moja kubwa ya kushukia na nyingine ya nyuma ya jikoni. Tulikuwa na "mtaalamu" wetu, anakuja kila baada ya miezi mitatu na ovaroli safi na mkoba, anabonyeza, anabonyeza, ananipa karatasi ina muhuri, namlipa. Mimi napiga faili. Hata nilikuwa najisifu kwa wapangaji wa sherehe eti kwetu usalama ni namba moja, dah.

Sasa siku ya send-off moja ukumbi umejaa, umeme ukakata. Sio mbaya, jenereta ipo. Jenereta ikagoma. Bado sio mbaya, taa za dharura zikawaka zote, watu wakapiga makofi, MC akapata cha kutania, mimi nimesimama mlangoni najiona meneja haswa. Robo saa haikuisha zikaanza kufifia moja moja, na ya kwanza kuzima kabisa ni ipi? Ya kwenye ngazi. Watu walishaanza kushuka kwa ajili ya joto, giza likawakuta katikati, mama mkubwa wa bibi harusi akakosa ngazi, akaenda chini na watu wawili juu yake. Mkono ukavunjika. Hospitali tulilipa sisi, hela ya ukumbi tulirudisha, familia walitusema kila kona ya mji na wana haki, na bado taa zote nikabadilisha kwa hela ambayo ingenunua betri mpya za jengo lote na chenji ya soda ikabaki. Hapo sijataja maneno ya mwenye jengo, hayo hayaandikiki humu.

Nikampigia mtaalamu. Unajua alinijibu nini? "Bosi si zilikuwa zinawaka?" Aisee. Huyu mtu alikuwa anachukua hela ya kukagua betri na katika muda wote ule hakuwahi kufungua kava hata moja. Nilikuja kufungua na fundi mwingine, ndani mna betri za nikeli kadmia, seli tatu za volti 1.2 zimeungwa zinatoa 3.6, nyingi zimeota unga mweupe kwenye ncha, tarehe walizoandika kwa kalamu siku ya kufunga zimepita miaka minne zamani. Hizo betri zimeundwa kudumu kama miaka minne, na hapo ni kama hazipikwi, sisi dari letu liko chini ya bati na Dar unaijua. Nyingine mbili tulikuta kuna mtu alishabadilisha, kaweka seli za kawaida za kuchaji kama za tochi, zimevimba. Hizo hazikuumbwa kukaa kwenye chaji saa 24 kila siku ndani ya joto. Nani aliweka? Hakuna anayejua bila shaka. Malaika.

Na ile ya ngazi iliyozima ya kwanza ndo iliniuma zaidi. Ilikuwa imepigwa waya kutoka kwenye laini inayopita kwenye swichi ya ngazi. Mlinzi akizima taa za ngazi asubuhi, ile taa ya dharura inadhani umeme umekatika, inawaka kwa betri mpaka inaisha, mchana kweupe, hakuna anayeona. Jioni anawasha inaanza kuchaji. Kila siku ya Mungu. Betri gani itavumilia hiyo? Laivu (waya unaoleta umeme) ya taa ya dharura inatakiwa itoke moja kwa moja kwenye saketi ya taa za eneo hilo, ISIPITE kwenye swichi ya ukutani. Na kitufe cha test hakiwezi kukuonyesha hilo hata ukibonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: zima breka, kaa mpaka muda wa kwenye lebo uishe. Soma lebo ya taa, nyingi zinazouzwa kwetu ni za masaa matatu, utaona M3 au NM3 (3 ni masaa, M ni ya kuwaka muda wote, NM ni ya kuwaka umeme ukikatika tu), zinafuata utaratibu wa Uingereza ambao unataka kila mwezi kujaribu kwa muda mfupi na mara moja kwa mwaka muda kamili. Wamarekani wao mwaka mara moja ni dakika 90, mwezini sekunde 30. Chagua dini yako, ila hakuna dini inayosema sekunde kumi na ufagio kisha sahihi ya mwaka mzima.

Halafu sikiliza hapa vizuri maana najua utakimbilia kuzima main switch. Usizime. Hosteli yako si umesema ina jenereta inayojiwasha? Ukizima main, jenereta itashtuka ndani ya sekunde chache, taa zako zitaona umeme umerudi, zitarudi kuchaji, na wewe utakuwa umetest jenereta. Kuna jamaa alinibishia kabisa kwamba taa zake zimemaliza masaa matatu bila shida, kumbe jenereta ilikuwa inanguruma nje muda wote. Zima breka ya saketi ya taa tu, ghorofa moja, mchana wanafunzi wakiwa chuo, hakikisha zimekaa kwenye chaji saa 24 kabla bila kukatika. Ukiishazima tembea. Ambayo haijawaka ndani ya hiyo ghorofa ina tatizo la waya au imekufa, ambayo imewaka andika namba yake, kila nusu saa pita tena, ikizima andika saa. Hakuna kalenda, hakuna app, karatasi na kalamu na uvumilivu, chukua kiti.

Na usifanye ghorofa zote siku moja jamani, watu wanasahau hili. Ukimaliza test betri zote ziko tupu, zinahitaji saa 24 nyingine kujaa, sasa umeme ukikata usiku ule na wanafunzi wamelala huna taa hata moja. Leo ghorofa moja, kesho kutwa nyingine. Ukiweza hata ndani ya ghorofa ruka moja moja, kama zina breka tofauti.

Betri ulizouliza: aina ileile, volti ileile, uwezo uleule ulioandikwa kwenye ile ya zamani, na iwe ya kuhimili joto kali, muuzaji akikwambia "zote sawa tu bosi" toka dukani. Andika tarehe juu yake kwa maka pen. Ukishabadilisha chaji saa 24 urudie test, betri mpya nayo siiamini mpaka imalize muda wake mbele ya macho yangu.

Huyo fundi wako usimfukuze bado, kesho mpe funguo za chumba cha breka na kiti akae naye aone. Anzeni na ngazi, ndo ziko hatari kuliko korido, halafu leta hapa picha ya lebo na saa ambayo ya kwanza imezima. Kama ni chini ya nusu saa usinipigie kelele inbox, Zimamoto waombe muda na ukanunue betri.