Rangi ya Kiwandani Isifie Gereji: Majibu kwa Wenye Magari wa Tanga

Assalaam alaikum. Nina Subaru Impreza ya bluu ile ya rali, nililipenda gari kwa rangi yake. Limegongwa mbele kushoto njia ya Segera: bampa, fenda na boneti. Fundi wa rangi anasema bluu hiyo haipatikani, bora gari zima lipigwe upya ili lilingane. Nikubali? – Makorora

Waalaikum salaam. Usikubali, ndugu yangu, na kama msasa umeshaanza kwenye mlango, mwambie asimamishe leo.

Milango, paa na buti ambavyo ajali haikuvigusa vina rangi iliyokaushwa kiwandani kwenye tanuri la zaidi ya nyuzi joto 100. Hapo bodi ilikuwa bati tupu, bila viti, nyaya wala mipira. Gari likishaunganishwa, hakuna gereji inayoweza kulirudisha kwenye moto huo. Kwa hiyo kila bati zima linalopigwa msasa ili "lilingane" ni rangi ya asili inayopotea moja kwa moja. Kazi ya kuokoa gari la namna hii ni kupunguza eneo la kupaka, na fundi asiyekubali hilo si wa gari lako.

Kabla ya rangi, umbo. Tazama upenyo kati ya boneti na fenda, kulia na kushoto: je, unalingana? Mlango wa mbele kushoto unafunga bila kunyanyuliwa? Funua bampa uone bati linaloshika rejeta na reli mbili za chesisi zinazokwenda mbele. Ikiwa reli imejikunja, pesa yako ya kwanza iende kwa fundi bodi mwenye vifaa vya kuvuta na kupima chesisi. Nimeona magari yenye rangi ya kupendeza yakila tairi upande mmoja kwa sababu hatua hii iliachwa, na inauma kuyaona.

Umbo likikaa sawa, nenda duka la kuchanganya rangi ukiwa na namba ya rangi, si picha ya simu. Bluu ya rali ya Impreza nyingi za zamani ni 02C. Subaru wa miaka ya karibuni wana bluu nyingine ya rali, K7X. Kwa mbali zinafanana, juani zinaachana. Hata namba ikiwa sahihi, gari lako limekaa juani miaka mingi na bluu yake imesogea kidogo. Ndiyo maana fundi makini hupuliza kwanza kwenye kipande cha bati, anamalizia na klia (tabaka la juu lisilo na rangi), anasubiri kikauke, kisha anakiweka kando ya mlango. Kitazameni juani na kivulini, wima na kwa ubavu. Rangi yenye mika (chembe ndogo zinazometameta) hubadilika kwa mkono tu: ikipulizwa mbichi sana inakuwa nzito, ikipulizwa kavu inapauka. Mwambie pia atumie kwenye kipande hicho praima (rangi ya kwanza ya chini) ileile atakayoweka kwenye fenda.

Mwisho, bampa, fenda na boneti vipakwe, rangi ipunguzwe taratibu ikiingia kwenye mlango, halafu mlango wote upigwe klia. Bluu ya asili ya mlango inabaki chini yake, na jicho halioni mpaka.

Toyota yangu sijui namba ya rangi. Naipata wapi? – Raskazone

Fungua mlango wa dereva utazame kibati kwenye nguzo. Kama hakipo, inua boneti uangalie ukuta wa chuma nyuma ya injini. Tafuta palipoandikwa C/TR: herufi na tarakimu tatu za mwanzo ni rangi ya nje, zinazofuata ni za ndani. Nissan nyingi za Japani nazo zina kibati kwenye ukuta huohuo.

Fundi ananitoza karibu mara mbili kwa sababu gari langu ni jeupe. Nyeupe si ndiyo rahisi kuliko zote? Namba ni 070. – Chumbageni, mama wa watoto wawili

Dada, hapo fundi anaweza kuwa mkweli. Toyota wana nyeupe ya kawaida, 040, ambayo haina tabaka la lulu. Yako 070 ni nyeupe ya lulu: chini nyeupe kavu, juu yake tabaka jembamba la lulu linalopitisha mwanga, kisha klia. Ni tabaka tatu, na la katikati ndilo linalosumbua. Likizidi hata kwa mpuliziko mmoja tu, bampa linageuka njano kuliko fenda. Mlipe, lakini mdai vipande vya majaribio vyenye lulu ya mipuliziko miwili, mitatu na minne, mchague pamoja kinacholingana. Akikataa, au akikupakia 040 akidai hutaona tofauti, lichukue gari lako.

Nimeona mlango wa mtumba wa rangi ileile huko Ilala, Dar. Ninunue au ninyooshe wa kwangu? – Muheza

Nunua, tena haraka. Mlango uliotoka Japani na rangi yake ya kiwandani ni bora kuliko puti (uji wa kujazia mabonde ya bati) ya fundi yeyote. Thibitisha namba ya rangi ya gari ulikotolewa, maana macho hudanganya chini ya bati la duka. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Mahali inapolegea pana puti. Tofauti ndogo ya kupauka hupunguzwa kwa polishi. Usafirishe kwa blanketi, mtumba mwingi huchubuka kwenye basi.

Nauziwa gari la ajali, eabegi (mifuko ya hewa) zimefumuka, ila rangi yake sijaiona nyingine Tanga nzima. – Pangani

Rangi adimu huongeza bei pale tu wanunuzi wanapoitafuta, kama Nissan Skyline GT-R za R34 zilizopakwa Midnight Purple (zambarau) mwaka 1999 na 2000. Kwa gari la kawaida la familia, rangi ni mapenzi yako, na mapenzi yasikulipishe eabegi, mikanda, kompyuta yake na chesisi kwa pamoja. Piga hesabu ya hivyo vyote kwanza. Muuzaji akisema eabegi "tumeziba tu, hazihitajiki", ondoka. Anayeketi kwenye kiti hicho ni mkeo au mwanao.

Nikichoka na rangi ya gari langu, naweza kulibadilisha liwe jeusi? – Duga

Unaweza, lakini rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo taarifa irekebishwe TRA. Na ndani ya milango na chini ya boneti rangi ya zamani itaendelea kuonekana. Mimi ningekusihi uliache na rangi yake, usubiri anayeipenda alinunue.

Rangi mpya ya gari langu ina ukungu mweupe, na kuna vitundu. Ilipakwa masika. – Mabawa

Tina (kiyeyusho cha rangi) inapokauka hupoza bati, na unyevu wa hewa hunata juu yake. Huo ndio ukungu. Wa juu juu huweza kuondoka kwa polishi. Vitundu chunguza vizuri, mara nyingi ni maji au mafuta kutoka kwenye kompresa isiyomwagwa maji wala kuwekewa chujio. Kwetu Tanga kuna na chumvi ya bahari: bati lililo wazi lisilale bila praima hata usiku mmoja, na lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, likaushwe, kabla ya kupakwa. Subirini siku kavu, mpulize kati ya asubuhi na alasiri.

Shikamoo. Mdogo wangu ni msaidizi wa fundi. Klia inamkohoza. Amezoea kujifunga kitambaa. – Kange

Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, na nakujibu kwa uzito. Klia inayochanganywa na hadna (dawa ya kuigandisha) ina kemikali ziitwazo isosaineti, zinazoweza kumpa pumu isiyomwacha. Kitambaa hakizuii mvuke huo. Anahitaji angalau barakoa yenye vichujio vya mvuke inayobana usoni, vichujio vibadilishwe, na mlango wa gereji uwe wazi. Kikohozi kikiendelea asipulize tena, aende hospitali na aseme anafanya kazi gani. Wenye magari mnaolipia rangi, ulizeni kuhusu barakoa kabla ya kuuliza bei.

Rangi iliyobaki niitupe? – Donge

Isiyotiwa tina wala hadna itunze. Iweke kwenye kopo dogo linalojaa, ufunge kabisa, uandike namba ya rangi na mchanganyo alioutumia mwenye duka. Ikae kivulini, mbali na jiko, na itikiswe vizuri kabla ya kutumika.