Maswali na majibu: Acheni kuisingizia springi

Safari hii barua karibu zote ni za shokapu za nyuma kwenye pikipiki kuukuu. Waliouliza "shokapu gani inaingia kwenye pikipiki yangu?" bila kutaja aina, mwaka wala uzito wao, wasisubiri jibu hapa. Mimi si mganga.

Swali: Pikipiki yangu ni ya 1983, ina shokapu mbili za tangu kiwandani. Hazijavuja hata tone, lakini fundi anasisitiza zimekufa. Ni kweli, au ananitafutia gharama?

Ni kweli, mshukuru. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba shokapu isiyovuja ni nzima. Springi kazi yake ni kubeba uzito tu. Kinachoizuia isidunde ni ile silinda iliyo katikati yake, ambamo pistoni inalazimisha oili ipite kwenye vitundu vidogo na nguvu ya mdundo inageuka joto. Miaka arobaini ya joto hilo huichosha oili, pistoni hulegea ndani ya silinda, na kama kulikuwa na gesi ya shinikizo, hupungua kidogo kidogo. Yote hayo hutokea bila tone kuanguka chini.

Kosa la mwenye pikipiki si uzembe, ni mazoea. Shokapu haifi siku moja, kwa hiyo kila mwezi unajirekebisha bila kujua: unapunguza mwendo kwenye kona yenye mabonde, unainuka kitini kabla ya tuta. Mtu mwingine akiipanda, dakika tano tu anakuuliza unawezaje kuendesha kitu hiki.

Jipimie mwenyewe. Simama kando ya pikipiki, bonyeza mkia wa kiti kwa nguvu kisha uachie. Inatakiwa ipande mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, hakuna kinachoizuia. Likague na tairi la nyuma: likiwa limeliwa kwa mawimbi, hapa pameliwa na pale pamebaki, gurudumu limekuwa likirukaruka.

Kipimo cha uhakika ni kuitoa shokapu na kuivua springi, kwa kifaa cha kubania springi tafadhali, si kwa kamba na maombi. Isimamishe wima kama inavyokaa kwenye pikipiki, ipampu mara kadhaa, kisha sikiliza kwa mkono. Kuisukuma ndani iwe rahisi kiasi, kuivuta nje iwe kazi, na ugumu huo uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mahali ambapo rodi, ule mti wa chuma unaoingia na kutoka kwenye silinda, inateleza bila kushikwa, hiyo imekwisha. Usiipime ikiwa imelazwa, maana zile za zamani ambazo hewa na oili vinakaa pamoja zitakuonyesha pengo hata zikiwa nzima.

Swali: Inadunda sana, nikazungusha ringi ya springi hadi ngazi ya mwisho. Sasa inadunda zaidi. Springi zimechoka?

Swali hili nimelijibu mpaka mkono umechoka. Springi ya chuma isiyokatika wala kuliwa na kutu huchoka polepole mno, na si yenye kosa hapa. Ile ringi haiifanyi springi iwe ngumu. Inabadilisha mahali inapoanzia kubeba, yaani inainua mkia, basi. Ukiikaza hadi mwisho huku silinda imekufa, umeipa springi nguvu zaidi ya kurudi juu, na wa kuizuia hayupo. Ndiyo maana kiti sasa kinakurusha.

Kazi halisi ya ringi ni hii. Inua pikipiki gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka wima juu yake. Ishushe, keti na mavazi yako yote ya safari, mtu aishike isimame wima, mwingine apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo pikipiki inavyoshuka ukiwa juu yake. Kwa pikipiki nyingi za barabarani inatakiwa iwe kati ya robo na theluthi ya safari nzima ya gurudumu, yaani umbali wote linaoweza kupanda na kushuka: kama gurudumu lina safari ya milimita 100, basi 25 hadi 33 hivi. Ikishuka zaidi ya hapo, kaza ngazi moja, pande zote mbili sawasawa, upime tena. Ukifika ngazi ya mwisho na bado inazama, unahitaji springi ngumu zaidi, hasa ukiwa mtu mzito au unabeba abiria kila siku. Hapo sasa ndipo springi inapohusika.

Swali: Inayovuja ni ya kulia tu. Naweza kubadilisha hiyo moja?

Hapana. Upande mmoja ukishika na mwingine usishike, unausokota mkono wa nyuma, ule wa chuma unaoshika gurudumu, kila unapopita shimo. Na wakati unajadili, oili hiyo inatiririka kuelekea tairi na breki. Egesha.

Swali: Kuna anayesema atatoboa shokapu, amwage oili ya zamani, atie ya injini, kisha achomelee tundu. Itadumu?

Swali lako liwe kama huyo anayechomelea atadumu. Shokapu nyingi zina nitrojeni iliyoshindiliwa. Katika muundo wa Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, ambao mpaka leo ndio unaoigwa, gesi imetenganishwa na oili kwa pistoni inayoelea, na shinikizo lake huwa zaidi ya bar 10. Peleka drili au moto hapo uone. Nimeona rodi iliyopenya dari ya gereji. Aliyekuwa akiishughulikia alibahatika kuwa ameinama kuokota spana.

Hata kama haina gesi, oili ya injini ni nzito mno kwa vitundu vile. Shokapu itakuwa kama gogo asubuhi, na ikipata moto tabia yake inabadilika. Zipo zinazofunguka kwa haki: kofia yake ina nyuzi au imezuiwa na ringi ya chuma, na sili zake, ile mipira inayozuia oili isitoke, zinauzwa. Hizo mpelekee mwenye vifaa vya kujaza gesi, na kabla hujalipa pitisha ukucha kwenye rodi. Kama kromu imetoboka kwa kutu na ukucha unakwama, sili mpya itachanika mapema na utarudi palepale. Zilizofungwa kiwandani kwa kukunjwa bati hazikutengenezwa zifunguliwe. Nunua mpya.

Swali: Nataka shokapu zilizozidi urefu wa zile za awali kwa sentimita 3, mkia usimame upendeze.

Upendeze nani? Shokapu hupimwa kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, na milimita 10 tu zinaonekana kwenye usukani. Mkia ukipanda, uma wa mbele unasimama zaidi, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inaanza kutikisa kichwa mwendo ukiwa mkali. Kwa kuwa shokapu kwa kawaida imefungwa mbele ya ekseli, au imelala, sentimita 3 zake ni zaidi ya 3 kwenye gurudumu. Cheni itasugua mkono wa nyuma, stendi ya kati haitafika chini vizuri, na kama pikipiki yako ni ya shafti badala ya cheni, kiungo cha shafti kitafanya kazi kikiwa kimepinda kuliko kilivyokusudiwa. Wanaotaka fupi wasicheke: wao tairi litagonga madigadi na egzosi itakwaruza kona.

Swali: Nina Honda ya miaka ya 1980 yenye shokapu moja. Nimeweka mpya ya bei mbaya, bado ni ngumu kama ubao.

Umebadilisha kisicho na kosa. Zile za shokapu moja, Pro-Link ya Honda, Uni-Trak ya Kawasaki na Full Floater ya Suzuki zote zinaibana shokapu kupitia viungo vyenye bushi au beringi, na viungo hivyo vinakaa pale gurudumu linaporusha maji na mchanga. Toa bolti ya chini ya shokapu, shika gurudumu uliinue kwa mkono. Linatakiwa lipande na kushuka laini. Likikwama, au ukisikia mchanga ukisagika, fungua kila kiungo, safisha, weka beringi mpya na grisi ya kutosha. Ukiwa hapohapo vuta mkono wa nyuma kushoto na kulia. Mkono huo ukicheza, bushi zake nazo zimekwisha, na lawama zake zimekuwa zikiiangukia shokapu. Na yule mwenye mashine ya maji ya shinikizo mwambie aisogeze mbali na viungo hivyo.

Swali: Nimepata shokapu halisi za kiwandani, mpya, zimekaa kwenye boksi tangu 1985. Ninunue?

Kwa makumbusho, ndiyo. Kwa barabarani, mpira wa sili umezeeka ndani ya boksi vilevile. Hagon, YSS, au Öhlins ukijiweza, wanatengeneza leo, na ukiwapa uzito wako watakupa springi inayokufaa. Wape uzito wa kweli, pamoja na mizigo.

Swali: Kuna ujanja wa kuzifunga mwenyewe? Na cheni niiguse?

Pikipiki iwe kwenye stendi ya kati. Fungua upande mmoja, funga mpya, ndipo uende wa pili. Ukitoa zote pamoja gurudumu linaanguka na utahangaika kulipandisha mpaka matundu yalingane. Kipenyo cha pini na upana wa bushi vipime kabla, usije ukaanza kutwanga kwa nyundo.

Cheni lazima uiangalie, kwa sababu mkia sasa unakaa kimo kingine. Cheni hukaza kupita kote pale sproketi ya mbele, bolti ya mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Keti, ikiwezekana na mtu wa pili nyuma yako, mpaka vifike hapo, na mtu wa tatu aishike cheni kwa kidole. Hapo ibaki na ulegevu kidogo. Ikiwa imekaza kama waya, legeza kabla hujatoka nje.