Vitabu vipya vimepokelewa, mbona havipo rafuni?
Ndugu, umeuliza kwa nini vitabu vipya vya vijana vilivyotangazwa na maktaba ya mtaa wenu bado havionekani, na iwapo mwanao wa miaka 14 anaweza kushiriki shughuli za vijana bila kuwa mwanachama. Kitabu hakitoki kwenye boksi na kuingia rafuni siku hiyohiyo: hugongwa muhuri, huandikwa katika daftari la mapokezi, huingizwa kwenye katalogi na kupewa namba ya mada, mara nyingi kwa mfumo wa Dewey (wa kupanga vitabu kwa namba kulingana na mada) uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, kisha hubandikwa lebo mgongoni na kuvishwa jalada la plastiki. Kazi hiyo huchukua muda, hasa pale mkutubi mmoja anapohudumia pia dawati la kuazimia. Mwulize kama anaweza kuliweka jina la mwanao kwenye orodha ya wanaosubiri vitabu hivyo.

Kuhusu shughuli, kwa kawaida uanachama hudaiwa kwa anayeazima kitabu cha kwenda nacho nyumbani, si kwa anayeketi kwenye klabu ya usomaji, ingawa huenda akatakiwa kuleta fomu iliyotiwa saini na mzazi. Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba) na UNESCO, iliyohuishwa mwaka 2022, inasema kuwa huduma za maktaba hizo kimsingi ziwe bure. Siku ya kwanza mwende pamoja, ila kitabu achague mwenyewe, hata kikiwa cha vibonzo.