Mashine mpya ya boti: saa kumi za mwanzo usizipeleke ovyo

Ukishaitoa mashine mpya kwenye boksi na kuifunga nyuma ya boti, hutakosa washauri. Mmoja atakwambia utembee nayo kama umebeba trei ya mayai, wiki nzima usiguse kasi. Mwingine atakwambia mashine za siku hizi zinatoka kiwandani zimeshakamilika, vuta mafuta mpaka mwisho uende zako. Nimezoesha mashine zangu na za wenzangu, na kwa maoni yangu wote wawili wanakupoteza. Tena huyo wa mayai ndiye hatari zaidi, maana hasara yake huioni mapema.

Sababu iko ndani ya silinda. Ukuta wa silinda mpya haujang'arishwa kama kioo. Kiwandani umechorwa makusudi mikwaruzo midogo inayokatizana, ili ishike oili na kuzisugua ringi za pistoni, zile pete za chuma zinazoizunguka, mpaka zikae sawasawa na ukuta. Kinachozibana ringi hizo ukutani ni nguvu ya moto unaolipuka juu ya pistoni, na nguvu hiyo hupatikana mashine ikiwa inabeba mzigo. Ukiilegeza siku nzima, ringi zinapitapita tu juu ya oili, na oili inaungua pale pale na kuacha utando unaoteleza. Utando ukishashika, ringi hazitakaa tena hata ufanyeje. Utabaki na mashine inayokula oili na kutoa moshi, na dawa yake ni kufungua injini. Kuikimbiza sana mashine mapema nako ni balaa: msuguano wa vyuma vipya unaleta joto jingi, pistoni inatanuka na kukwaruza silinda.

Kwa hiyo mashine mpya inataka kazi, ila kwa kipimo, na kipimo hicho kiwe kinabadilika. Kwa mashine nyingi za stroki nne, zile ambazo oili haichanganywi na petroli, ratiba huwa hivi: saa ya kwanza usivuke mizunguko 2,000 kwa dakika, au nusu ya mkono wa mafuta kama huna mita. Saa ya pili panda hadi 3,000, au robo tatu ya mkono. Kama boti ni nyepesi, iache inyanyuke juu ya maji, kisha punguza mafuta kiasi cha kuibakiza pale pale juu. Saa 8 zinazofuata tembea kama kawaida yako, ila usikae mafuta mwisho zaidi ya dakika 5 mfululizo. Kitabu cha mashine yako kikisema vingine, kifuate hicho.

Ndani ya ratiba hiyo usiuache mkono ukalala mahali pamoja. Mimi kila baada ya dakika chache napandisha kidogo, natulia, nashusha, napandisha tena. Msafiri anayetaka kulala ndani ya boti hatakupenda. Na kama mawazo yako ni kuzimaliza saa hizi nyumbani, mashine ikiwa kwenye pipa la maji, achana nayo. Humo hakuna mzigo wa maana, unahesabu saa za bure na kujenga utando ule ule. Pipa linafaa kwa kujaribu kuwasha na kwa kusafisha chumvi baadaye.

Wenye stroki mbili za kuchanganya oili kwenye petroli wana jambo moja la ziada. Nyingi, kipindi hiki, zinataka lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli, kisha lita 1 kwa lita 50 zikishazoea. Soma kitabu chako, kisha pima kwa chombo chenye alama. Kukadiria kwa jicho ndiko kunakoua mashine hizi. Tia oili na petroli kidogo kwanza, tikisa, ndipo ujaze petroli iliyobaki. Oili iwe ya mashine za boti, yenye maandishi TC-W3. Ile ya pikipiki usiikaribishe, hata ukiambiwa ni kitu kimoja, maana injini inayopozwa kwa maji ina mahitaji yake.

Kila unapowasha, tazama tundu linalorusha maji pembeni ya mashine. Mrusho ukikosekana, zima hapo hapo, kwani pampu ya maji ina feni ya mpira na mpira huo unaungua haraka ukizunguka mkavu. Mara nyingi ni majani au kipande cha plastiki kimeziba pa kuvutia maji. Kwenye stroki nne, pima oili kila asubuhi mashine ikiwa wima. Kijiti nakifuta, nakirudisha, nakitoa tena, halafu nakinusa. Oili ikiwa imeshuka, ongeza. Ikiwa imepanda na inanuka petroli, ujue petroli inapenya kwenye ringi na kuteremkia chini. Mara nyingi hiyo ni mashine iliyobembelezwa mno, haipati joto la kutosha.

Sevisi ya kwanza usiisogeze. Kawaida ni saa 20, kisha kila saa 100. Mwaga oili ya injini, badili chujio, halafu nenda kwenye giaboksi. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu ipitishe hewa, oili itiririke kwenye chombo cheupe uione vizuri. Tope laini la kijivu kwenye sumaku ya skrubu lisikutishe, ni gia zimesagana. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, au oili yenye rangi ya maziwa, mpigie fundi kabla hujajaza kitu, maana hiyo ya maziwa ni maji yameingia. Kujaza kunaanzia tundu la chini, unapampu mpaka oili itokee juu bila mapovu, unafunga juu kwanza ndipo chini. Siku hiyo hiyo kaza tena boliti zinazoshika mashine kwenye boti, kwani mtetemo huzilegeza.

Saa kumi zikiisha pakia boti mzigo wako wa kila siku, vuta mafuta mpaka mwisho na usome mita. Kitabu kina kiwango chake, mathalani kati ya 5,000 na 6,000. Mashine isipofika hapo, propela ni nzito kwake na inaihenyesha kila siku. Chukua yenye pichi (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ndogo kwa inchi 1, mizunguko itapanda kama 200 hivi, kisha pima tena na mzigo ule ule.