Maswali ya Wasomaji: Kufungua Kompyuta kwa Kidole

SWALI: Ndugu wataalamu, nimenunua kompyuta ya mkononi ThinkPad T480 iliyotumika pale Kariakoo, nikaweka mfumo endeshi wa Ubuntu. Kisomaji cha alama za vidole kinaonekana chini ya kibodi upande wa kulia, lakini kwenye mipangilio sioni pa kusajili kidole. Nimeuziwa kibovu?
Msomaji, Tabata

JIBU: Usimfuate muuzaji bado. Mara nyingi kisomaji ni kizima, ila Ubuntu haina kiendeshi chake, yaani programu ya kukiendesha. Fungua dirisha la amri, andika lsusb, kisha tafuta mstari wenye namba (ID) inayoanza na 06cb au 138a. T480 nyingi zina 06cb:009a, na libfprint, ambayo Ubuntu huitegemea kusoma vidole, haiitambui namba hiyo. Mstari usipokuwepo kabisa, zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F1 uingie BIOS (mipangilio ya kompyuta yenyewe, kabla Ubuntu haijawaka), uangalie sehemu ya usalama kama kisomaji kimezimwa. Kikiwa kimewashwa na bado hakionekani, hapo sasa shuku waya au kisomaji chenyewe.

Kwa 009a wapo waandishi wa programu waliojitolea kutengeneza kiendeshi kiitwacho python-validity. Kwanza hakikisha hazina yao ya programu mtandaoni inahudumia toleo lako la Ubuntu, kisha andika:

sudo add-apt-repository ppa:uunicorn/open-fprintd
sudo apt update
sudo apt install open-fprintd fprintd-clients python3-validity

Subiri kidogo, halafu andika fprintd-enroll na uguse kisomaji mara kwa mara, ukisogeza kidole kidogo kila mguso ili na pembe zake zisomwe, mpaka uone enroll-completed. Jaribu kwa fprintd-verify. Jibu unalotaka ni verify-match. Mwisho andika sudo pam-auth-update, weka alama ya nyota kwenye mstari wa alama za vidole kwa kitufe cha nafasi, na uthibitishe. Ukiruka hatua hii kidole kitakuwa kimesajiliwa lakini skrini itaendelea kudai nywila tu.

Usajili ukikataa tangu mguso wa kwanza, kumbuka kompyuta hii ina mwenyewe wa zamani. Vidole vyake hukaa ndani ya kisomaji, si kwenye diski, kwa hiyo kuweka mfumo mpya hakuvifuti. Rudi BIOS, sehemu ya usalama, ufute data zote za alama za vidole. Kwa kompyuta ya mtumba tunashauri ulifanye hili hata kama hakuna tatizo.

Kisomaji kikigoma baada ya kompyuta kulala, andika:

sudo systemctl enable open-fprintd-suspend open-fprintd-resume

Jambo moja huwashtua wengi: ukiingia kwa kidole mara tu baada ya kuwasha, Ubuntu bado itadai nywila ili kufungua hifadhi ya nywila zako. Hifadhi hiyo imefungwa kwa nywila yenyewe, na kidole hutoa jibu la ndiyo au hapana tu; hakina ufunguo wa kuifungulia. Wapo wanaoshauri uipe hifadhi nywila tupu ili isikusumbue. Tafadhali usifanye hivyo, maana atakayeiba diski atasoma kila kitu. Andika nywila asubuhi unapowasha, kidole kitumie kufungua skrini mchana kutwa.

SWALI: Natumia Windows 11 ofisini. Asubuhi kidole kinakubali, nikitoka nje mchana na kurudi kinakataa. Kwa nini?
Msomaji, Posta

JIBU: Jasho. Visomaji vingi vya kompyuta hupima tofauti ya umeme kati ya matuta na mabonde ya ngozi. Unyevu ukijaza mabonde, tofauti hiyo hupotea. Joto la Dar es Salaam likiungana na unyevu wa bahari, tatizo haliepukiki. Futa kidole na kisomaji kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Kisha, kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya njia za kuingia, sajili kidole kingine, na kile cha kwanza ukisajili tena mchana kikiwa katika hali yake ya kawaida. Windows huruhusu hadi alama 10 kwa mtumiaji.

Wanaoshika saruji au sabuni kali kila siku, ambao hata kusajili laini ya simu kuliwapa shida, wajaribu kidole cha pete cha mkono wasioutumia sana. Huko matuta hayajalika. Na PIN isisahaulike: Windows huidai kabla ya kukubali kusajili kidole, na ndiyo utakayoitumia siku kidole kikigoma.